Uso wa Bawabu

Nyumba ya Ngazi ya Chuma,
Chumba cha Juu.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Mgongo je, umepoa, au bado unabeba mizigo kwa ubishi? Mimi mzima wa mwili; moyo usiuulize. Mama anakula kidogo kidogo. Hukufika mazishini nikakununia, lakini sasa nimechoka kununa.

Marehemu mdogo wetu Penseli ameacha kitabu kimoja cha katuni za Bawabu, hakijakamilika. Unakumbuka shujaa huyo alivyoanza? Mtoto alikuwa akiogopa kupanda ngazi peke yake, nawe ukamdanganya kwamba pale yupo mzimu wa bawabu aliyekufa akakataa kustaafu, anapenya kuta, kazi yake kulinda watoto. Tangu siku hiyo akawa anapanda akiimba. Uongo wako ulimlea, Kaka.

Miaka kumi na miwili alimchora: koti refu, funguo mkononi, na chini ya kofia giza tupu. Wasomaji wakiuliza sura yake, alijibu, "Uso una mwenyewe." Yeye penseli, mimi wino. Weusi ule niliupaka hata macho yakiwa kwingine.

Jumanne nilikalia ukurasa wa mwisho, mchapishaji akinihimiza. Nilikuwa nalia, nikapaka kama kawaida. Kugeuza karatasi, nikakuta mwandiko wake nyuma: "Dada, usipake weusi chini ya kofia. Leo tunamwona."

Nilipiga yowe mpaka Mama akaja mbio. Wanasema mazoea yana taabu. Sikujua ni taabu ya namna hii.

Mkono wake ulikuwa mzito, unamjua. Nikaiinamisha karatasi dirishani, mikwaruzo ya penseli ikajitokeza chini ya wino: nyusi moja imekatwa katikati na kovu. Kovu hilo ulilipata kwenye ngazi hizi hizi, siku uliyoteleza ukiwa umembeba mgongoni.

Alichora uso wako, nami nimeufukia kwa mkono wangu. Nisamehe, Kaka. Mchapishaji anataka kitabu kitoke hivyo hivyo, nimekataa. Tatizo mimi sijui kuchora, najua kufuata mistari ya mwenzangu tu. Labda nikikuona mbele yangu nitaweza. Njoo ukae kwenye kiti chake, pale dirishani.

Msalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu, na shangazi fundi cherehani anauliza kama umeshajifunza kuamka mapema.

Mungu akufikishe salama. Ngazi yenyewe, siku hizi mimi ndiye ninayeiogopa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Wino