Muhtasari Uliousaini Msibani

Masalu, rafiki yangu,

Daktari amesema nile chochote ninachotamani, na binti yangu ameacha kuninyima chumvi. Nimeelewa. Nakuandikia sasa, mkono ungali unashika kalamu.

Unakikumbuka kikao kile cha halmashauri na tawi lenu la chama cha wafanyakazi. Wewe mwenyekiti wa tawi. Mimi afisa utumishi, mwandishi wa kikao. Wakubwa walitaka wafagiaji wa soko wahamishiwe kwa mzabuni. Ukasimama: "Andika, Bwana Utumishi, tena andika kwa herufi kubwa. Hatukubali!" Watu wakacheka. Nikaandika.

Kesho yake mkurugenzi aliniita akataka nibadilishe mstari mmoja tu. Nikaubadilisha: tawi limeridhia. Kisha nikakuletea muhtasari nyumbani kwenu Igogo, kwenye msiba wa mama yako. Niliichagua siku ile, Masalu. Hilo sijawahi kulitamka. Nilijua hutasoma. Ulifunua ukurasa wa mwisho, ukasaini, ukasema, "Ukishaandika wewe, mimi nisome nini?"

Wafagiaji walipoachishwa, walionyeshwa saini yako. Wakakuita msaliti, wakakuvua uenyekiti. Ukaja ofisini kwangu kuniuliza kama ulimi wako uliteleza kikaoni. Nikakujibu, "Labda ulikuwa umechoka." Ukaniamini. Ukaenda na jibu hilo kaburini.

Soko linafagiliwa na watu wa mzabuni siku hizi. Hawana tawi. Juzi walikusanyika nje ya ofisi zetu za zamani kudai glovu na buti. Halmashauri ikawaambia waende kwa mzabuni, mzabuni akawarudisha halmashauri. Nilisimuliwa nikiwa kitandani. Ningefanya nini?

Mwezi uliopita nilibebwa hadi kwa mkeo, nikamwambia yote. Akanitazama. "Shemeji, miaka yote hii unakula sato kwangu, na neno hilo limo tumboni?" Akaingia ndani. Nilisubiri mpaka jua likanifikia pale kwenye kiti. Hakutoka.

Nimemwomba binti yangu siku ya kunizika aliandike kosa hili kwenye historia ya marehemu. Amekataa. "Baba, msibani hawasomi mambo kama hayo. Tutasema ulikuwa mtumishi mwadilifu." Nitakuwa ndani ya jeneza, Masalu. Nitampinga vipi?

Kwa hiyo imebaki Jumamosi. Jumuiya inakuja kusali hapa kwangu, na wamo mama wawili waliofagia soko lile, ambao hadi leo hawataki kusikia jina lako. Nakuahidi nitawaambia mwenyewe. Sauti imekuwa ndogo, sentensi mbili tatu nakohoa. Sijui kama watanisikia, wala kama wakisikia itakusaidia chochote huko uliko.

Nitawaomba tuanze na kosa langu, sala ifuate, maana pumzi hainitoshi kwa vyote viwili.

Lala, ndugu yangu.