Barafu Inayokimbia

Liverpool, Sydney, Agosti 2021

Dada yangu Falone, nesi wa milima ya Pakistani,

Pokea salamu za kaka yako mzuri, hata kama barakoa inawanyima watu wa Sydney uso huu. Bado tumefungiwa ndani. Siku hizi nasonga bugali kumshinda mama, lakini usimwambie.

Juzi kwenye simu ulisema barafu ya mlima iliyo juu ya kijiji chenu imeanza kusogea, kisha ukacheka: "Mimi mtoto wa Goma, nilikimbia volkano kwa miguu. Barafu itanifanya nini?" Nikakupigia makofi. Kumbe sote wajinga!

Nimemuuliza Karim, mwenzangu wa ghala, mzaliwa wa milima hiyo. Anasema barafu ya namna hiyo inalala miaka mingi, halafu inaamka, inateremka na kuziba mto. Ziwa linajaa nyuma yake, mwishowe linapasuka. Dada, lava ilitupa nafasi ya kubeba godoro na kuku. Maji hayo hayangoji hata uvae viatu.

Hamia nyumba za juu, mbali na mto, leo. Mimi niliyeacha shule namfundisha mwenye diploma, raha iliyoje!

Mama nimemdanganya kwamba ni barafu kidogo tu, ya kuwekea soda. Anapata usingizi.

Nitumie picha ukiwa huko juu, unahema kama mbuzi mnene. Nitacheka mpaka Campbelltown wanisikie, halafu na mimi nitalala.

Profesa wako wa barafu,
Trésor