Kilio cha Mama Ndani ya Gemu

Jumatatu, 3 Machi
Kaka kaja na kompyuta yake. Eti gemu yake imekamilika — ya kijana anayemuuguza mama yake aliyepoteza kumbukumbu. Kijana! Wa kiume! Huyu anayekuja kwetu kwa kubahatisha, viatu havivui, chai haimalizi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaenda kufua mashuka ya Mama.

Jumatano, 5 Machi
Nimeicheza. Unapewa kopo la maji umwogeshe mama. Unaanza kummwagia kichwani! Mtu gani anaanza kichwani? Mama anaogopa maji tangu mafuriko yamchukue Baba. Majina yetu kayasahau, maji hajayasahau. Mimi naanza miguuni, namzungumzisha, napanda polepole.
Tena kuna kipimo cha subira. Ukichoka kinashuka, ukilala kinajaa. Laiti!
Halafu yule mama wa kwenye gemu akalia. Si mwigizaji — ni Mama! Kilio chake, bafuni kwetu. Kumbe siku ile kaka aliposimama mlangoni eti kusaidia, simu ilikuwa inarekodi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia akitoe kile kilio. Kasema wachezaji watajifunza huruma, na Mama angekubali. Nikamuuliza alimwomba ruhusa lini. Akasema eti nimekasirika kwa sababu gemu haina dada.
Ndiyo! Hilo nalo limeniuma! Lakini kilio kwanza. Mama hawezi kujisemea, basi ndiyo kageuka mali ya mtu? Gemu inatoka Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi
Kaja kunionyesha kwamba kaongeza dada. Kafungua kompyuta sebuleni, sauti juu, Mama yuko kwenye kiti chake. Kilio kikatoka.
Nilidhani Mama naye atapiga kelele. Akainuka, akakokota miguu hadi mezani, akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta.
"Mwanzieni miguuni," akasema. "Mwenzenu anaogopa."
Machozi yakamtoka kaka. Nikasema moyoni, leo kaelewa, atakifuta. Kumbe mkono wake unaingia mfukoni, taratibu, unatafuta simu. Amrekodi tena!
Nimenyakua simu, nimenyakua na kompyuta, nimemshika Mama mkono, tumejifungia chumbani. Kaka yuko mlangoni. Anasema mdogo wangu fungua, kazi yangu yote imo humo. Sasa analia kwa sauti.
Mama ananivuta kanga. Anasema huko nje kuna mtu analia, nimfungulie.
Kompyuta iko mapajani mwangu. Mlango sijafungua.