Kigae cha Saba Kutoka Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Tumehamishiwa jengo jipya, ghorofa ya nne. Ukumbi mmoja mkubwa, madirisha yanashuka mpaka chini, sakafu yote inataka vigae vya kijivu. Msimamizi anasema ni studio ya watu wa mtandaoni. Lifti bado haijawekwa. Mimi na Redio tumepandisha boksi hamsini na mbili kwa ngazi. Redio anaongea hata akiwa na boksi begani, ndiyo maana tukamwita hivyo. Magoti yangu yanadai nina miaka sabini. Nina arobaini na mmoja.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele ni urefu na upana. Nyuma ni mimi.

Jioni nimeoga, nikalala chali, nikafungua tikiti la leo kwenye simu. Mke wangu anauza matikiti mbele ya nyumba. Kila siku analigonga moja mbele ya simu, anaweka sikio, anauliza: limeiva au bado? Watu wanabashiri, kisha analipasua. Ni dakika moja tu. Lakini nyuma ya sauti yake nasikia geti letu likilia, bado halijatiwa grisi, na mdogo wetu anaimba jedwali la saba na kukosea palepale, saba mara nane. Miaka miwili na miezi minne sijafika. Dakika hiyo ndiyo nyumbani kwangu.

Leo nilibashiri bado. Lilikuwa limeiva kabisa. Mke wangu kaniandikia: Baba watoto, mtu anayeishi kwa kugonga sakafu, tikiti linakushinda?

Jumanne, 4 Machi

Gundi, magoti, kulala.

Alhamisi, 6 Machi

Tumelaza vigae upande wote wa dirisha. Safu zimenyooka mpaka Msimamizi kakosa kasoro ya kutaja, akabaki kukohoa.

Redio kaniuliza kwa nini kila nikilaza kigae nakigonga kwa mpini wa mwiko, katikati kisha pembe nne. Nikamwambia mjomba ndiye alinifundisha, nilipoacha shule darasa la sita. Chenye gundi kamili chini yake kinajibu kwa sauti fupi, nzito. Chenye uwazi kinalia kho, kama mtu anasafisha koo. Mjomba alikuwa akisikia kho anakubandulisha kigae na kukirudia, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni na funguo. Tangu hapo sijawahi kuacha kho nyuma yangu. Sina cheti cha kutundika ukutani. Nina hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naiandika ilivyo.

Asubuhi nilipita kugonga tena, gundi ikiwa imeshika. Safu ya kwanza, cha saba kutoka dirishani: kho. Nikakitia alama ya X kwa chaki. Nikasema baada ya chai nakibandua.

Wakati wa chai mke wangu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ukurasa wake umefungwa. Video zote hazionekani, miaka mitatu ya matikiti. Ameletewa barua kwenye simu: amelalamikiwa kwa kutumia mtindo wa wenyewe. Kugonga kitu, kusikiliza, na kuuliza kimejaa au kitupu, eti kuna watu wameomba kuusajili uwe alama yao ya biashara. Ukurasa utabaki umefungwa mpaka walalamikaji waondoe malalamiko.

Nikamwuliza, kwani kugonga tikiti kuna mwenyewe?

Akasema, nami nimewaandikia hivyo hivyo, wamenijibu kwa herufi kubwa.

Redio alikuwa anawajua hao walalamikaji. Ni wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, siku zote wamevaa mashati mekundu yanayofanana. Watu wanawaita hivyo tu, Mashati Mekundu. Wanagonga mapipa, milango, masanduku, wanachekesha, wana wafuasi kama mchanga. Kanionyesha video yao ya juzi. Wanasema kila anayetaka kugonga na kusikiliza anakaribishwa katika familia yao, aombe kibali kwanza. Kisha wakaonyesha studio yao mpya inayojengwa. Madirisha mpaka chini. Vigae vya kijivu. Na pale kwenye kona, ndoo yetu ya bluu yenye mpini wa waya.

Nikarudi kwenye safu. Nikapiga magoti mbele ya kile cha saba. Nikaifuta X kwa kiganja.

Nikaendelea na kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumejaza mianya, tumepiga deki, tumekabidhi. Msimamizi kasema sakafu safi. Nikaangalia viatu vyangu.

Hakuna tikiti leo. Nimesikiliza bomba la chooni.

Jumapili, 9 Machi

Kumechafuka, na kumechafuka vizuri!

Watu wamewageuka Mashati Mekundu. Tumekaa chumbani sisi sita, vitanda vimegusana, simu ya Redio tumeiegemeza kwenye birika. Kila mtu ulimwenguni anagonga kitu. Mwoka mikate kagonga mkate mgongoni, akasema: nimeomba msamaha, ila lazima nijue kama umeiva. Mama mmoja kagonga mtungi wa gesi. Bibi kagonga tangi la maji. Daktari kamgonga mgonjwa mgongoni, mgonjwa anauliza, daktari, una kibali? Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta, na Redio akamjibu kwa sauti, kimejaa au kitupu? Jirani akasema kitupu, na anayeuliza pia.

Wafuasi wao wanapungua, Redio anatangaza kama mpira. Wamepoteza tena! Wanashambuliwa kutoka kulia!

Saa kumi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kanitumia kitu na neno moja: pole.

Ni mama mkwe. Kwenye ukurasa wa shemeji. Amekaa sebuleni kwetu, kitambaa kichwani, ameshika picha yangu ya fremu, ile niliyopigwa kabla ya kusafiri, kipaji cha uso kinang'aa kama sahani. Anakunja kidole, ananigonga kwenye paji la uso mara tatu. Anaweka sikio kwenye kioo. Anatulia muda mrefu sana. Kisha anaiangalia kamera: "Huyu ni mkwe wangu. Semeni wenyewe. Kimejaa au kitupu?"

Watu elfu arobaini wamejibu. Kitupu.

Redio kaanguka kitandani, kitanda kikavunjika ubao. Nikampigia mama mkwe. Nikamwambia, mama, umenimaliza. Akasema, nyamaza, ninakupigania. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mke wangu amecheka leo, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nikasema basi nigonge hata kila siku.

Na nyuma ya mama mkwe, nilisikia geti.

Jumatatu, 10 Machi

Jengo la jirani, ghorofa ya pili. Hapana kazi inayokwenda. Ukigonga kigae mtu anapaza sauti, kibali! Ukibisha hodi chooni aliye ndani anauliza, umesajiliwa? Msimamizi kakataza utani, kisha yeye mwenyewe akagonga kofia ya Redio na kusema, nimeshajua, hakuna haja ya kupiga kura.

Wanajua paji la uso lililogongwa ni langu. Saruji imeletwa na mtu ambaye simfahamu kabisa, kaniangalia, kasema, aa, kumbe ni wewe, pole kaka.

Nimecheka siku nzima. Ila nikiwa nimepiga magoti kazini namkumbuka mjomba. Kile cha saba kiko palepale, wala hakikunikosea chochote.

Jumatano, 12 Machi

Saa sita mchana, tumekaa juu ya mifuko ya saruji tunakula. Redio kasema, njooni, Mashati Mekundu wanaomba radhi, moja kwa moja, kutoka studio mpya.

Wamekaa nyuma ya meza, nyuso zimewashuka. Mfupi anasema walishauriwa vibaya. Mrefu anasema wanayafikiria upya yale maombi. Watu wanaandika chini: fungueni kurasa za watu. Mrefu anasema wataangalia, jambo hili lina taratibu zake. Watu wanaandika: taratibu gani, bonyezeni kitufe.

Wakakosa pa kukimbilia. Mrefu, ili kurudisha utani, akainuka. Akasema, basi jamani tucheke kidogo, tugonge sakafu yetu mpya. Akachuchumaa na fimbo ya kushikia simu. Akagonga kutoka dirishani, kigae cha pili, cha tatu. Fupi, nzito. Moyo wangu nao unagonga. Cha tano, cha sita.

Cha saba. Kho.

Mkono wangu ukabaki hewani na tonge.

Mrefu hakuelewa. Akauliza, kimejaa au kitupu? Na mafundi wote wanaoongea lugha hii, popote walipo, wakaandika kwa pamoja. Kitupu. Kitupu. Baba, sakafu yako ina shimo. Nani kakujengea? Mvua ya kitupu mpaka nyuso zao hazionekani. Mfupi akaanza kucheka, nadhani kwa woga. Mrefu akagonga tena, kho, akacheka naye. Mara ya kwanza nawaona wanacheka bila kujipanga.

Wenzangu walikuwa wanashikana mbavu. Mimi peke yangu sikucheka. Redio kaniangalia. Hakusema kitu, na hilo halijawahi kutokea.

Alhamisi, 13 Machi

Saa moja asubuhi Msimamizi katupanga mstari. Kapigiwa simu na mwenye jengo. Nani alichanganya gundi upande wa dirisha?

Kila mtu kamwangalia Redio, maana mchanganyaji ni yeye. Ana kibali cha kazi cha miezi miwili tu, na Msimamizi ndiye anayekipendekeza upya.

Nikasema, gundi ilikuwa sawa. Ni mimi. Nilikisikia Ijumaa, nikakiacha.

Msimamizi: "Hukukisikia."

"Nilikisikia, bosi. Nilikitia na alama. Nikaifuta."

"Kwa nini?"

"Walifunga ukurasa wa mke wangu."

Akanikodolea macho. Akauliza taratibu, wa matikiti? Nikasema ndiyo. Akavua kofia, akakuna kichwa. Akasema, mimi ninabashiri pale kila jioni. Wiki ile ya mvua nilipata manne mfululizo. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni Msimamizi, akavaa kofia. Chukua vifaa, akasema. Nenda kakirudie. Adhabu yako nitaitafakari. Na ukifika huko uwe na adabu, lakini usiwe na adabu sana.

Redio kanifuata na ndoo. Nikamwambia baki. Akasema, nani atakubebea? Na nani atanisimulia?

Nilipofika nilisema kabla ya kuweka vifaa chini. Mimi ndiye niliyelaza. Nilijua ni kitupu. Nilikasirika, nikaacha. Mjomba wangu angenipiga. Samahani kwa sakafu.

Mrefu kauliza, ulikasirikia nini, fundi? Nikamwambia. Tikiti, geti, saba mara nane. Nilikusudia kusema maneno mawili, nikasema mengi. Mfupi akawa anaangalia kiatu chake. Mrefu akasema hawakujua waliowafungia ni nani, walipeleka orodha ndefu tu, hawakuisoma. Kisha akauliza kama anaweza kuwasha kamera nikifanya kazi. Nikasema kamera ni yako, magoti ni yangu, washa.

Nikakichonga kile kigae pole pole, kisimwumize jirani yake. Chini yake kulikuwa na uwazi wa kiganja kimoja. Kiganja changu kabisa. Nikasafisha, nikapaka gundi, nikalaza kipya, nikakigonga kwa mpini. Katikati, pembe nne. Kimetulia.

Sasa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasubiri gundi ianze kushika, ndiyo maana naandika hapa hapa. Taa nyekundu ya kamera bado inawaka. Mrefu kaomba mwiko. Amepiga magoti, shati jekundu limejaa vumbi, anagonga kigae kimoja kimoja na sikio chini, ananiuliza, na hiki, fundi? Namwambia kimejaa. Na hiki? Kimejaa, endelea. Anagonga vibaya, kwa nguvu mno, lakini anasikiliza kweli.

Mfupi kakaa na simu. Kauliza jina la ukurasa wa mke wangu. Nimemwambia. Kasema haufunguki. Redio kasema, utafungukaje, si mmeufunga ninyi. Nikamwambia atafute wa shemeji yangu, uko wazi, mama mkwe yuko pale, na ule wa matikiti umetajwa chini yake.

Ameupata. Naisikia sauti ya mama mkwe kutoka kwenye simu yake: "Huyu ni mkwe wangu. Semeni wenyewe."

Mfupi anaangalia simu. Ananiangalia usoni. Anaangalia simu. Anainuka, anakuja kwangu pole pole, na kidole amekikunja kama mtu anayetaka kubisha hodi.