Nyumbani Dada, Shuleni Mwalimu

Jumapili, 4 Agosti

Dada amepata kazi. Ng'ambo! Kuwafundisha Kiswahili watoto ambao hata "habari" hawaijui. Barua pepe iliingia tukiwa tunakunywa chai. Aliisoma kimya, akaisoma tena, kisha akampa Mama simu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kichanga. Mama hakuwa na miwani. Basi nikaisoma mimi kwa sauti. Mimi! Yaani habari ya kunyang'anywa dada yangu nimeitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa matamshi mazuri.

Mama alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Baba ni fundi wa majokofu. Akasema huko nchi nzima ni jokofu, sasa wamchukue mwalimu, fundi wamwache? Akacheka peke yake, kisha akapangusa macho kwa kitambaa cha kazi. Grisi ikabaki shavuni.

Wote wakanigeukia niseme kitu. Nikasema hongera. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha. Viwili vilikuwa bado na chai.

Nina wivu. Niandike tu, nani atasoma. Tangu darasa la nne mimi ndiye mwenye atlasi. Mimi ndiye ninayejua kwamba huko, wakati wa baridi, jua linatua saa tisa alasiri. Dada atlasi hiyo aliwahi kuiwekea sufuria ya moto. Duara lake lipo mpaka leo, katikati ya bahari. Na ndiye anayepanda ndege!

Jumanne, 6 Agosti

Leo kipindi cha Kiswahili kilikuwa chake. Tangu ahamie shuleni kwetu tuna mapatano: nikivuka geti, yeye si Dada. Ni Mwalimu. Shikamoo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, naomba ruhusa Mwalimu. Alisema hataki mtu aseme anambeba mdogo wake. Basi hanibebi. Hajawahi kunichagua nikinyoosha mkono. Hata siku ambayo hakuna mwingine aliyenyoosha, aligeuka akajijibu mwenyewe ubaoni.

Kasuku ndiye anayechaguliwa. Ni deskmeti wangu, tunakaa dawati moja, na jina hilo amelipata kwa haki. Leo Mwalimu aliuliza maana ya "mchelea mwana kulia hulia yeye". Mimi najua. Kasuku akasema maana yake mama akimpa mtoto simu ili anyamaze, atalia yeye bando likiisha. Darasa zima hoi. Na Mwalimu akacheka! Alicheka mpaka akashika meza. Kicheko kile ni cha nyumbani. Ni cha kwetu. Kwa nini anakigawa?

Ijumaa, 9 Agosti

Ijumaa huwa anasoma insha moja mbele ya darasa bila kumtaja aliyeiandika. Ndiyo desturi yake. Leo alisoma yangu. Macho yake hayakupita hata mara moja upande wa dirisha, ninakokaa. Ilipoisha Kasuku aliniuliza kwa mnong'ono, hii ya nani, maana inaumiza tumbo kwa uzuri. Nikainua mabega.

Alijua ni yangu. Nilijua ni yangu. Kwa dakika chache darasa zima lilikuwa na siri yetu na halikujua.

Sasa insha za nani atakuwa anasoma huko?

Jumamosi, 10 Agosti

Mizunguko ya viza siku nzima. Dada aliniomba nimsindikize. Kwanza studio. Picha za juzi zilikataliwa kwa sababu alitabasamu na sikio moja lilifichwa na nywele. Mpiga picha akamwambia, "Usicheke, Mwalimu. Viza haitaki furaha." Dada akanuna. Akacheka. Akanuna tena. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshikilia shuka jeupe, mikono juu, mpaka mabega yakafa ganzi. Picha imetoka vizuri. Mimi sionekani, ni weupe tu.

Kisha polisi kwa alama za vidole. Kisha hospitali kupigwa picha ya kifua, maana huko wanaogopa kifua kikuu. Wamesema ni kisafi kabisa. Cha kwangu ndicho kingepigwa. Wangekuta mengi.

Njiani aliniambia watoto wa huko wamemtumia picha zao, na maelezo mafupi nyuma ya kila moja. Nilidhani mimi ni mtu mzima wa kutosha kusikia hivyo bila kubadilika. Tulipofika nyumbani akazibandika zote ndani ya mlango wa kabati letu. Letu! Anakariri majina. Amesema hawezi kuingia darasani hajui majina ya watu, hata kwetu alifanya hivyo. Ananionesha mmoja mmoja kama mtu anayeonesha wajukuu. Huyu anapenda farasi. Huyu ana kigugumizi, itabidi nimpe muda. Huyu, eti, ni msomaji mkubwa, "anakukumbusha mtu, sivyo?"

Ana miwani na kitabu mkononi. Nimemchukia.

Kwa muda mrefu nilidhani ninaonea wivu safari. Leo nikikunja nguo zangu mbele ya nyuso zile nimejua sivyo. Ndege waende nayo. Ninachoonea wivu ni hao watakaokaa mbele yake.

Jumatano, 14 Agosti

Mambo yamekwama kidogo. Shule ya huko ina utaratibu wake: kabla ya kutoa barua ya udhamini lazima wazungumze kwa video na mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu huyo. Si mwalimu mkuu, si wenzake. Mwanafunzi. Mwalimu mwenyewe asiwepo chumbani, na mwanafunzi asiwe ndugu. Bila barua hiyo ubalozini hata getini hapiti, na miadi yake ni Jumatano ijayo. Akiikosa, nafasi inayofuata ni mwakani, na huko hawatamsubiri.

Nilikaa mkao wa kula. Najua hairuhusiwi. Lakini nilitaka aseme tu, "Ungekuwa si ndugu, ningekuchagua wewe." Neno hilo tu lingenitosha.

Amemchagua Kasuku.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwa nini Kasuku. Akasema anaongea Kiingereza bila woga na watu wanampenda mara moja. Nikasema, na mimi? Alikuwa anapiga pasi blauzi ya miadi. Akasema, "Wewe? Wewe wakikuuliza kitu utawaambia ukweli wote." Mama akacheka akasema huyo kweli, huyo ukimuuliza hujambo anatoa ripoti.

Nilicheka pia. Kisha nikaenda kukaa bafuni.

Alhamisi, 15 Agosti

Kasuku ananifanyia mazoezi mezani petu! Eti nijifanye mzungu nimuulize maswali. Anajibu kwamba Mwalimu ni "kama mama yetu wa pili". Nikamuuliza, anapenda nini akiwa nyumbani? Hajui. Nilijisikia tajiri kwa sekunde kama tatu.

Jumapili, 18 Agosti

Mungu nisamehe. Nilifurahi.

Shule imefungwa kwa mapumziko mafupi tangu Ijumaa, na nusu ya darasa imesafiri. Asubuhi mama yake Kasuku kapiga simu: mtoto ana matubwitubwi. Mashavu yamevimba hadi macho yamekuwa mistari. Kinywa hakifunguki, anakunywa uji kwa mrija. Kasuku! Kati ya watu wote duniani! Baba akasema ugonjwa nao una utani wake.

Simu ya video ni kesho asubuhi. Dada akapiga kwa huyu, akapiga kwa yule. Mmoja yuko kwa bibi yake hakuna mtandao. Mwingine mama yake amekataa katakata, amesema mwanawe hatamsifu mwalimu anayewakimbia watoto kabla ya mtihani. Wa tatu alilia kwa kusikia tu neno Kiingereza. Mpaka alasiri Dada alikuwa ameketi sakafuni kando ya sanduku ambalo ameanza kulipanga, simu mapajani.

Kisha akaniita. Si kwa jina la nyumbani. Akaniita jina la rejista.

Akasema, "Nakuomba. Wewe ni mwanafunzi wangu, huo si uongo. Usiwaambie tu lile jingine."

Nikasema wakiuliza je?

Akasema hawatauliza, waulize nini.

Lakini wakiuliza?

Akaanza kutoa sweta sandukuni na kulirudisha. Mama alikuwa mlangoni. Akasema mwanangu, usimtie mwenzako majaribuni. Sikujua anamwambia nani kati yetu. Baba akasema dada mtu aliajiriwa kwa akili yake, si kwa undugu, sasa dhambi iko wapi? Mama akamwambia arudi kwenye majokofu yake.

Nilikubali. Si kwa wema, niandike wazi. Nilikubali kwa sababu hatimaye ilikuwa zamu yangu.

Kisha usiku tulipozima taa, Dada, kwa sauti ndogo: "Nikienda nitakukosa kuliko wote. Darasani nilikuwa naogopa kukutazama. Ningekutazama ningefundisha wewe tu." Nilijifanya nimelala. Mbona hakuniambia mapema? Mbona ananiambia sasa, siku moja kabla ya kuhitaji ulimi wangu?

Jumatatu, 19 Agosti

Ninaandika simu ikiwa bado hewani. Nitaeleza.

Dada alinikalisha kwenye meza ya chumbani, akaweka kompyuta ya kuazima juu ya vitabu ili kamera isinioneshe pua. Akanifunga kifungo cha shingoni. Akasema, "Nawe niite Mwalimu, siku ya mwisho." Kisha akatoka, ndilo sharti. Namwona dirishani. Anafagia uani. Anafagia mahali pale pale.

Upande wa pili ni mama mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, naibu wa mwalimu mkuu. Si mkali. Aliuliza swali la kwanza na sauti yangu ikakatika kama redio. Nikamwambia samahani, mimi huongea vizuri nikishaandika kwanza. Akacheka akasema basi andika, mpenzi, hatufukuzwi. Ndivyo tulivyoenda: anauliza, naandika, nasoma. Aliuliza Mwalimu hufanya nini mwanafunzi akikosea. Nikaandika kwamba humpa chaki, kosa analirekebisha mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka. Aliuliza nimejifunza nini kwake. Nikaandika nusu ukurasa. Nilisoma nikasikia sauti yangu inakuwa ya mtu mwingine, mtu jasiri. Yote yalikuwa kweli. Nilimpa hata habari za insha za Ijumaa. Yule mama aliandika kitu, akasema taratibu, "Una bahati."

Kisha akavaa miwani akasogea karibu na kioo.

Mimi mjinga! Nilipoingia, pale panapoombwa jina, niliandika yote matatu kamili, kama juu ya karatasi ya mtihani. Dada aliniambia niandike la kwanza tu? Hakuniambia. Hakujua kuna mtu wa kuandika matatu.

Akasema jina lako la mwisho na la mwalimu wako ni moja. Ni jina la watu wengi huko kwenu? Au ninyi ni ndugu?

Nimeomba niandike kidogo. Amesema bila shaka. Ameinuka kujaza maji glasi.

Si jina la watu wengi. Mjini hapa tuko sisi tu na baba mdogo mmoja anayeuza matairi.

Nikisema ni dada yangu, hakuna barua. Hakuna Jumatano. Blauzi iliyopigwa pasi itarudi kabatini na nyuso zile zitabanduliwa mlangoni, moja moja, na yule mwenye miwani pia. Dada atalala kitanda kile pale, miaka na miaka, hatua mbili kutoka kwangu, na atajua. Mwaka mzima nimetamani kusimama ndani ya darasa lile niseme maneno hayo, mbele ya Kasuku, mbele ya wote. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Leo nimeulizwa, tena kwa heshima.

Nikisema ni mwalimu wangu, nao ni ukweli. Ukweli mwembamba, lakini ukweli.

Yule mama amerudi. Amekunywa. Anasubiri, hana haraka.

Dada ameacha kufagia. Ananitazama dirishani, hajui nimeulizwa nini. Anadhani ninaandika sifa zake. Amenionesha dole gumba, na anatabasamu masikio yote nje.

Mama wa huko anasema, "Haya, mpenzi, nasikiliza."

Nimeandika maneno mawili ya mwanzo. Yanafaa kwa jibu lolote. Nitayasema hayo kwanza, halafu nisikie mdomo wangu utamalizia vipi.

Yeye ni