Mfagiaji Aliyejiita Karani wa Boma

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie upesi, maana nimefanya ujinga ambao nikiufikiria nacheka, kisha naogopa. Mimi niliishia darasa la sita, na tangu nifike Bukoba nimeomba kazi ghala la kahawa, posta, hata duka la vitambaa, na kila mahali naambiwa nilete cheti cha darasa la nane, mpaka nikapata kazi ya kufagia ofisi pale boma la serikali, ila kwa Mzee Kagaruki wa Muleba, baba wa mchumba wangu Anatolia, nilisema mimi ni karani, nikaenda kumsalimu nimevaa tai. Basi mwanzoni mwa mwezi mzee akaja kwangu Kashai na barua ya Kiingereza kutoka kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, kuhusu kibanja chake cha migomba na kahawa ambacho jirani anadai nusu, akasema, "Mwanangu, nisomee, wewe ndiye macho yangu." Mshauri, nilitambua "Sir" na tarehe tu. Nikakohoa, nikasema, "Tata, umeshinda!" Mzee akanikumbatia, akalia, akarudi Muleba kuchinja mbuzi. Jana nikamwuliza Rugambwa, karani wa kweli aliyepiga chapa barua ile, akasema inamwita mzee bomani Alhamisi ijayo na mashahidi, na asipofika kibanja kinakwenda kwa jirani. Nikisema ukweli namkosa Anatolia, nikinyamaza mzee anakosa shamba. Nifanyeje? Na je, asiye na cheti ana kazi gani duniani, zaidi ya ufagio na kuwatengenezea makarani baiskeli zao saa ya chakula?

Josia, Kashai

Josia,

Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi. Kama ningengoja, ungesoma jibu langu mzee akiwa amekaa barabarani na vyungu vyake. Siku niliyopata barua yako nilipanda basi mpaka Muleba, nikamweleza yote. Ndiyo, siri yako nimeitoa, na ningeitoa tena. Alhamisi alifika na mashahidi watatu, na kibanja kimebaki chake. Alikuulizia. Rugambwa anasema ulikuwa stoo, umejificha nyuma ya mapipa ya chokaa.

Kukosa cheti si aibu. Nusu ya wilaya hii haina, na inakula. Aibu ni kumsomea mtu mzima barua usiyoijua. Tena una upofu wa ajabu: wenye vyeti wanasukuma baiskeli zao mpaka kwako, nawe unalia huna kazi! Jumatatu nenda Miembeni kwa fundi baiskeli Muharami, nimekwisha kumwambia habari zako. Cheti hakukitaja. Aliniuliza neno moja tu: "Anajua kunyoosha rimu?" Nikamwambia utamwonyesha mwenyewe. Jioni ukasome Kiingereza kwa mwinjilisti Lameki, naye ameshakubali.

Lakini kwanza, Jumapili, nenda Muleba bila tai. Piga magoti, sema ukweli wote, usiutie maji. Anatolia bado anakutaka, sijui kwa nini. Mzee naye kasema: "Mwambie aje. Fimbo yangu nimeiweka chini. Mchi wa mke wangu, huo siusemei."

Mshauri