Qaamo Kumi na Mbili za Kisima cha Hadado

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wajir
14/2/1997, saa nne asubuhi

Jina langu ni Alio Dekow Mahat, miaka 47 kwa hesabu ya mama. Kazi: dereva wa lori la shirika la maji. Makazi: Hadado. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimeendesha lori mpaka Lubumbashi na kurudi na viungo vyote, kwa hiyo ushamba si wangu.

Mnamo Jumanne tarehe 11/2/1997, saa tatu asubuhi, nilimfikisha Mustaf, fundi wa pampu wa shirika letu, kisimani Hadado. Mustaf ni mzaliwa wa Eastleigh. Kisomali chake kinatosha kuomba chai. Marehemu Bare, aliyechimba kisima hicho, mume wa dada yangu Arbia, alisema kina ni qaamo kumi na mbili. Nikatafsiri: qaamo ni kimo cha mtu mzima. Sisi visima tunavipima kwa watu.

Mustaf alifungua kompyuta yake. Alisema ameandika programu ya Python, na ndani mna fanksheni: unaipa kina, inakupa urefu wa bomba kwa mita. Akaandika 12. Ikatoa mita 14.

Bare akaniambia, "Alio, mbona haijauliza kumi na mbili za nini?"

Nilimcheka mbele za watu. Nikasema, "Seeddi, wewe shemeji yangu ni mtu wa ngamia. Hii imesoma kuliko wewe."

Saa saba bomba lilishushwa, pampu ikiwa mwishoni mwake. Pampu ikaning'inia hewani, maji yako mbali chini. Mustaf alirudi kwenye kompyuta, akasema hesabu ni sawa, labda maji yamepungua. Ngamia zaidi ya mia walikuwa wanalia kwa kiu. Akaamua pampu ndogo ya petroli iwekwe kwenye ukingo ndani ya kisima. Bare alishuka kuiwasha. Kamba nilishika mimi.

Injini ilinguruma. Nikamwita, "Seeddi, imekusalimia?" Hakujibu. Tulipomvuta hakuwa na jeraha hata moja. Ni moshi wa injini uliomuua.

Jana nilisomewa ripoti ya shirika. Inasema marehemu alitoa kipimo cha uongo. Wallahi hakudanganya. Ndiyo sababu nimekuja.

Mustaf alikuja msibani, akalia sana. Akanionyesha ameirekebisha fanksheni: sasa ukiipa namba bila kipimo inagoma, inaandika kosa. Nikamwuliza, "Na Bare, inamrudisha?" Akafunga kompyuta.

Arbia hajanilaumu. Ananiwekea chai bila kuniangalia.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. La kucheka nimelisema mwenyewe, sikuulizwa.

Sahihi ya shahidi: A. D. Mahat

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili. Mwanzo niliandika kwamba Bare alisema kina ni "kumi na mbili". Shahidi aliweka kalamu chini, akakataa kutia sahihi mpaka niongeze neno "qaamo". Nimeliongeza.

Koplo Awil